Chama Chenu Kinaenda Mombasa Desemba? Mpe Mweka Hazina Asome Hii

Kilungu ni baridi. Mwezi wa saba ukungu unakaa mlimani na watu hawavui makoti mpaka saa nne. Ndiyo maana ukitaja Mombasa kwenye chama pale Nunguni, hakuna anayeuliza kwa nini. Wanauliza ni lini, na kila mtu atoe ngapi. Safari yenyewe si ngumu: unashuka Emali unapanda treni, au unangoja basi Salama kwenye barabara kuu.

Lakini hatari kubwa ya safari hii haikungoji Mombasa. Iko kwenye simu ya mweka hazina, wiki kadhaa kabla ya mtu yeyote kufunga begi.

Mama mdogo wangu ndiye mweka hazina wa chama chao, wanawake kumi na wawili. Mwaka juzi walichanga tangu Januari. Akaona nyumba kwenye Facebook: Nyali, vyumba vinne, bwawa la kuogelea, bei nzuri ajabu. Aliyemjibu kwenye WhatsApp alikuwa "dada" mwenye adabu sana, kila sentensi ikianza na "mama". Akamwambia kuna familia nyingine inaitaka hiyo nyumba, kwa hivyo atume shilingi 18,000 leo za kuishikilia. Akatuma. Kabla hajathibitisha, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji, na lilikuwa jina la mwanamume. Akajiambia labda ni mumewe.

Wiki tatu baadaye walifika Nyali jioni na watoto na mabegi. Mlinzi akawaambia mwenye nyumba anaishi humo na hajawahi kuikodisha. Walilala gesti, wanne wanne chumba kimoja. Mama mdogo aliuza mbuzi wawili kulipa hizo pesa, ila kilichomuuma zaidi ni wenzake wawili waliouliza kama kweli hakugawana na huyo "dada".

Lile jina kwenye simu lilikuwa onyo. Kama unaongea na Mwende na jina linalotokea ni la Kevin, acha hapo hapo, hujapoteza kitu. Kisha mwambie akupigie simu ya video akitembea kutoka getini hadi jikoni. Tapeli atakupa sababu mia za kukataa. Ukiambiwa ulipe kwa nambari ya till, ni afadhali kidogo, lakini hata tapeli anaweza kuwa na till, kwa hivyo isikulaze usingizi. Njia ninayoiamini mimi ni ya zamani: ni nadra kukosa mtu wa kwenu anayeishi Changamwe au Mikindani. Mtumie nauli, aende akaone.

Wiki ya safari kuna mtego mwingine. Michango inaingia mfululizo, huyu 500, yule 1,000, na mweka hazina hasomi tena, anahesabu tu. Hapo ndipo ujumbe wa uongo unajificha: "Umepokea Ksh 3,500." Dakika mbili baadaye mtu anapiga akilia ametuma kimakosa, umrudishie. Ujumbe wa kweli wa M-PESA unakuja kwa jina MPESA, si kwa nambari ya mtu. Usiutegemee ujumbe, angalia salio. Hata kama pesa zimeingia kweli, usirudishe wewe. Mwambie autume ujumbe wake wa kuthibitisha kwa 456, zirudishwe kwa utaratibu. Nawe ukikosea nambari, fanya vivyo hivyo papo hapo, kabla mpokeaji hajazitoa. Ujumbe wa tapeli utume kwa 333, na ukiwa umeshatapeliwa, nenda kituo cha polisi uandikishe upewe nambari ya OB.

Mkishafika, ni mambo madogo madogo. Pale Pirates, patana bei ya ngamia, mashua au picha kabla, si baada. Jua la pwani ni kali, skrini haionekani, na nimeona watu wakimpa muuzaji simu "awasaidie" kulipa. Ingia kivulini ulipe mwenyewe, na PIN uifiche na mkono. Feri ya Likoni ni bure kwa anayevuka kwa miguu, anayekudai nauli anakuibia. Pale pana msongamano, simu isikae mfuko wa nyuma. Na weka PIN kwenye laini yenyewe, si kwenye simu tu, ili mwizi asiihamishie simu nyingine.

Mwaka huu akina mama mdogo wanaenda tena, na bado yeye ndiye mweka hazina. Kijana wa jirani anayefanya kazi Changamwe alishaenda Bamburi Jumapili iliyopita kuona nyumba. Alituma video ya geti, vitanda na bomba la jikoni. Maji yalikuwa yanatoka.