Gari la Kwanza la Kijana: Benzi, Crown au IST?

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katikati hapo, kwenye nyumba zenye uwezo za Masaki, Njiro na Capri Point, hoja ya gari huwekwa mezani. Kijana ametimiza miaka 18, daraja la kwanza kalipata, na baba alishaahidi. Mwenzake darasani kapewa Crown, mwingine kapewa BMW. Kule Runda na Karen, Nairobi, mazungumzo ni hayo hayo, ila huko Subaru haikosi kutajwa.

Kama kijana atadeka au hatadeka akipewa gari la bei mbaya, hilo kila nyumba ina jibu lake, na fedha ni ya mwenyewe. Ninachokiona hakijadiliwi ni jambo jingine: gari la kifahari linamfanyia nini dereva mwenye leseni ya miezi mitatu? Miaka miwili ya mwanzo barabarani ndiyo ya hatari, na gari la kwanza linunuliwe kwa ajili ya miaka hiyo miwili. Kama ni Benzi, itanunuliwa baadaye.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Nchini Marekani, ambako hesabu hizi huwekwa kwa umakini, madereva wa miaka 16 hadi 19 hupata ajali za vifo karibu mara tatu zaidi ya wenye miaka 20 na kuendelea, kwa kila maili wanayoendesha. Si kwamba vijana hawajui kukanyaga breki. Mikono na miguu hujifunza haraka, kinachochelewa ni jicho. Dereva mzoefu akiona daladala imewasha indiketa ya kushoto anajua kuna abiria atashuka na kuvuka mbele yake. Akiona bodaboda pembeni anajua itakata bila taarifa. Akiona magari ya mbele yanapunguza mwendo bila sababu anajua kuna tuta lisilopakwa rangi. Kijana haoni hayo mpaka yawe yamemfikia. Jicho hilo halifundishwi darasani, linakuja kwa saa nyingi za usukani.

Ukishalijua hilo, hoja ya wazazi wengi inabidi ipimwe upya. Husikika hivi: "Nampa gari kubwa, la Kijerumani, kwa usalama wake." Nusu yake ni kweli. Gari zito likigongana na jepesi, aliye ndani ya jepesi ndiye huumia zaidi. Hiyo ni fizikia, haina upendeleo. Kwa hiyo hata mimi simshauri mzazi mwenye uwezo amnunulie mwanawe Vitz ya 2002 isiyo na chochote ndani, eti ajifunze maisha. Kuna wazazi wanaoona kumpa mtoto mkweche ni malezi bora. Mkweche ukigongwa ubavuni hauulizi kama mtoto alilelewa vizuri.

Nusu ya pili ndiyo yenye kasoro. Uzito humlinda, lakini nguvu ya injini humponza, na magari ya kifahari huja na vyote viwili. Vitz yenye injini ya 1000cc ina nguvu za farasi kama 70. Mark X au Crown Athlete yenye injini ya V6 ya 2500cc inavuka 200, na huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukikanyaga mafuta vibaya kwenye kona yenye maji, mkia hutangulia. Dereva wa miaka kumi anaweza kuikamata. Wa miezi mitatu hukata usukani ghafla kwenda upande wa pili, na hapo ndipo gari hupinduka. Prado na ndugu zake warefu hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye mkato kama huo.

Na kuna lile jambo wanaouza magari hawalisemi kwa sababu kwao ni sifa: utulivu. Gari la bei kubwa limezibwa kelele za upepo, injini na matairi. Kilomita 120 kwa saa ndani yake husikika kama 80. Mwili wa kijana bado haujajifunza kupima mwendo, hivyo hutegemea kelele, na kelele yenyewe imeondolewa. Lakini nguvu ya kugonga haikuondolewa: kutoka 80 kwenda 120 inaongezeka zaidi ya mara mbili. Mjini, ambako kikomo ni 50 Tanzania na Kenya pia, anayegongwa na gari lenye mwendo wa 65 ana hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko aliyegongwa kwa 50. Tofauti ya 50 na 65 ndani ya Benzi hata hutaihisi. Tukizungumza usalama tusiishie kwa mtoto wetu. Yuko pia mama muuza mandazi anayevuka barabara.

Lipo pia suala la marafiki. Hakuna anayeomba lifti kwenye IST wakati Crown ipo, na gari zuri hujaa. Utafiti wa shirika la AAA Foundation la Marekani, wa 2012, ulionyesha kuwa dereva wa miaka 16 au 17 akibeba abiria mmoja wa chini ya miaka 21, bila mtu mzima ndani, hatari ya dereva huyo kufa ajalini hupanda kwa asilimia 44. Wakiwa wawili hatari huwa mara mbili, wakiwa watatu au zaidi mara nne. Ule muziki, zile kelele za "ongeza, ongeza!", na simu inayorekodi kutoka kiti cha nyuma, kila mzazi aliyewahi kuwa kijana anavijua.

Sasa nini kinunuliwe? Gari la ukubwa wa kati, injini ya 1500 hadi 2000cc, jipya kadiri mfuko unavyoruhusu. Badala ya kulipia nembo, lipia miaka michache ya gari. Corolla Axio au Fielder za miaka ya karibuni, Mazda Axela ya 1500, Impreza ya 1600, au X-Trail ya 2000 kama ni lazima liwe refu. Mwenye bajeti ya milioni 60 akinunua gari la milioni 30 anabakiwa na fedha ya matairi mapya, mafunzo ya ziada na bima kubwa bila kujibana.

Kabla ya kutoa hela, kagua mambo haya wewe mwenyewe, usimwachie dalali. La kwanza ni mfumo unaolizuia gari lisiteleze na kugeuka kwenye kona. Toyota huuita VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mercedes ESP. Mercedes-Benz waliuleta sokoni 1995, na tafiti za Marekani zinaonyesha hupunguza karibu nusu ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja peke yake. Kama gari la mtoto halina mfumo huu, achana nalo hata kama viti ni vya ngozi. Utaujua hivi: washa swichi bila kuwasha injini, tazama dashibodi. Alama ya gari lenye mistari ya kuteleza inapaswa kuwaka, pamoja na ile ya ABS na ya mifuko ya hewa, kisha zizime baada ya muda mfupi au injini inapowaka. Ukiona moja haiwaki kabisa, uliza kwa ukali. Kuna mafundi wanaotoa balbu ili ugonjwa usionekane.

Mifuko ya hewa yenyewe ina kisa. Mifuko ya kampuni ya Takata ya Japani iligundulika kuwa inaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva, na joto na unyevunyevu wa muda mrefu huongeza hatari hiyo, yaani hali ya hewa ya Dar, Tanga na Mombasa kabisa. Takriban vifaa milioni 100 vya kujazia mifuko hiyo vimeitwa virudi karakana duniani, Honda na Toyota za miaka ya 2000 zikiwemo kwa wingi. Gari lililotoka Japani kabla ya kurekebishwa linatembea mtaani kwetu bila mtu kujua. Andika namba ya chasisi, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji au uipeleke kwa wakala wake nchini. Matairi nayo yana tarehe: tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ukikuta 2317, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017, na hata likiwa na meno mazuri limeshazeeka.

Mtego mkubwa kuliko yote si Benzi mpya, ni Benzi kuukuu. Mzazi anaona BMW ya miaka 12 kwa bei iliyo karibu na Axio ya juzi, anachukua jina. TRA hutoza ushuru wa uchakavu wa asilimia 15 kwa gari dogo la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi 10, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya 18, na injini ikivuka 2000cc kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Hayo ni ya bandarini tu. Baadaye huja spea, na kijana wa chuo hana hela ya spea za BMW. Atafanya nini? Ataendesha taa ya njano ikiwaka, na breki zikilia ataongeza sauti ya muziki. Gari la kifahari lisilotunzwa ni hatari kuliko la kawaida linalotunzwa, na gharama ya kulitunza ndiyo inayofanya lisitunzwe.

Bima kubwa kwa gari binafsi Tanzania huwa karibu asilimia 3.5 ya thamani ya gari kwa mwaka, kabla ya VAT. Kwa gari la milioni 90 ni 3,150,000, kwa la milioni 15 ni 525,000. Muhimu zaidi ya bei ni jina la dereva. Mwambie wakala wa bima waziwazi kwamba anayeendesha ni kijana mwenye leseni mpya, na uombe akuonyeshe kipengele chake kwenye mkataba. Kampuni nyingi humtaka mwenye gari abebe sehemu kubwa zaidi ya hasara dereva akiwa kijana au mgeni wa barabara. Ukificha, siku ya madai ndiyo utakapoulizwa. Na asiye na leseni asiguse usukani, hata kwenda dukani ndani ya mtaa wenye geti. Sheria ya gari ni miaka 18, na ajali ya mtoto wa miaka 16 itamwangukia mzazi aliyempa ufunguo, huku bima ikiwa na sababu ya kutolipa.

Nyumba zenye uwezo huwa na hazina moja zinayoisahau: dereva wa nyumbani. Jimbo la Victoria, Australia, humtaka kijana wa chini ya miaka 21 aendeshe saa 120 akisimamiwa kabla ya kupewa leseni ya majaribio. Huku kwetu shule ya udereva ni wiki chache. Basi mkabidhi kijana kwa dereva wenu miezi mitatu, yeye aendeshe, mzee akae kushoto: foleni ya asubuhi Ubungo, mvua ya masika, usiku Barabara ya Bagamoyo, safari ya Chalinze nyuma ya malori. Mlipe mzee posho kwa kazi hiyo, na umpe mamlaka ya kusema "bado" bila kuogopa kwamba anamkatalia mtoto wa bosi.

Leseni ikishapatikana, iga New Zealand, nchi iliyoanza mwaka 1987 kutoa uhuru wa barabarani kwa hatua. Kule dereva mpya haendeshi peke yake kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, wala habebi marafiki bila msimamizi. Miezi sita ya mwanzo weka masharti hayo hayo, yaandikwe, mama na baba wayasimamie kwa sauti moja, na kadi ya gari ibaki na jina la mzazi.

Kama Benzi imeshanunuliwa na picha zimeshapostiwa, usiiuze kwa hasira. Ichukue wewe ukaendeshe kazini, mwachie kijana gari lako la kawaida. Ikishindikana, fungeni kifaa cha kufuatilia mwendo akijua kipo, na umpigie wakala wa bima leo, kabla gari halijatoka tena getini.