Ukaguzi wa bwawa huanzia chini ya ukuta

Ukitaka kujua hali ya bwawa, usianzie juu kwenye maji. Teremka hadi chini ya ukuta, upande mkavu, utazame kinachovuja. Karibu kila ukuta wa udongo huvuja kidogo, na hilo peke yake si la kutisha. Yakusanye maji hayo kwenye kifereji kimoja, tega bidoni ya lita 20, hesabu sekunde mpaka ijae, andika. Ikiwa wiki hii imejaa kwa sekunde 80 na wiki ijayo kwa 40, na kina cha bwawa hakikuongezeka wala mvua haikunyesha, kuna tundu linalopanuka ndani ya ukuta. Kisha kinga maji kwenye chupa angavu, iache itulie. Tope likituama chini, ujue ukuta wenyewe unaliwa kwa ndani. Hapo usingoje kikao: hamisha wanaolala bondeni, anza kupunguza maji polepole, mwite mhandisi siku hiyohiyo.

Watu wengi huogopa mabwawa makubwa tu. Lakini lililopasuka na kuua zaidi ya watu 40 huko Solai, Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, lilikuwa bwawa la shamba, ukuta wa udongo juu ya kilima. Vilima vyetu vya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, vina mabwawa ya samaki ya namna hiyo, bonde baada ya bonde, na nyumba zimejengwa chini yake.

Njia ya kumwagia maji ya ziada ndiyo inayosahaulika zaidi. Mfugaji huweka wavu hapo ili tilapia wasitoroke. Majani yanaziba wavu, mvua inakuja usiku, maji yanapanda na kuruka ukuta. Ukuta wa udongo ukirukwa na maji haumalizi saa nyingi. Safisha njia hiyo kabla mvua za Septemba hazijakolea, na tena kabla ya zile za Machi. Mikaratusi iliyoota juu ya ukuta ikatwe ingali michanga, maana mizizi ikishaoza huacha mifereji ya maji.

Kwa kina, simika mti wenye alama za sentimita na uusome kila asubuhi kabla ya upepo. Chonga alama nyingine kwenye mwamba wa ufukweni, ili mti ukianguka ujue pa kuurudishia. Mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi, pita na mtumbwi kwa mstari uleule, ukishusha kamba yenye jiwe. Kina kikipungua mwaka hadi mwaka ilhali mti unasoma vilevile, udongo wa mashamba ya juu unalijaza bwawa.

Satelaiti ina kazi nyingine. Picha za Sentinel-2 ni za bure na hurudi kila baada ya siku tano hivi, lakini nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10. Bwawa la upana wa mita 30 ni nukta tatu tu: usilipime kwa picha hiyo. Ziwa Edward, lenye zaidi ya kilomita za mraba 2,000, linafaa kabisa. Linganisha ufuko wa Vitshumbi au Kyavinyonge mwezi kwa mwezi. Mawingu yakifunika milima ya Ruwenzori, tumia Sentinel-1, ambayo rada yake hupenya mawingu na huona hata usiku. Tafuta pia maporomoko mapya ya udongo kwenye mito ya juu, kwa kuwa mto uliozibwa na udongo ni bwawa lisilo na mlinzi. Vijiji vingi vya Beni havifikiki kwa usalama, na huko picha ndiyo macho ya kwanza.

Kabla ya kuzunguka na simu na kamba, mwarifu mkuu wa kijiji na askari walio karibu, waeleze unachopima. Daftari lipige picha kila Jumapili, umtumie mtu anayeishi chini ya bwawa.