"Ndivyo Nilivyo" Si Ushuhuda

Maandiko: Kutoka 2:11–17, Hesabu 12:1–13, Hesabu 20:1–13, Wagalatia 5:22–23



Jioni moja mwanangu alisimama mlangoni akaniuliza, "Baba, leo umekasirika?" Alikuwa anataka pesa za safari ya shule, lakini ilibidi kwanza ajue niko vipi. Siku hiyo sikuwa nimekasirika hata kidogo. Swali lake ndilo lililoniumiza. Kanisani naitwa mtumishi mwenye moto. Kumbe nyumbani moto huo unachoma watu.

Wengi wetu tuna jibu tayari: "Mimi ndivyo nilivyo. Hata babangu alikuwa hivi." Basi tumwangalie Musa, maana Biblia inatuonyesha tabia yake kwa miaka mingi.

1. Alivyoanza

Akiwa na miaka 40 hivi (Matendo 7:23), Musa alimwona Mmisri akimpiga Mwebrania. Akatazama huku na huku, akamuua, akamficha mchangani. Akakimbilia Midiani, na huko kisimani akawakuta wachungaji wakiwafukuza mabinti. Akasimama tena, akawatetea, akawanyweshea kondoo wao.

Ni mtu yule yule. Hakuweza kuvumilia mnyonge akionewa, na Mungu alikuja kumtumia hivyo hivyo mbele ya Farao. Kuchukia uonevu hakukuwa kosa. Kosa ni mkono uliomtangulia Mungu.

2. Alivyobadilika

Musa alikaa miaka 40 Midiani akichunga mifugo ya mkwewe. Kisha akapewa taifa zima. Siku moja Miriamu na Haruni, ndugu zake wa damu, wakamsema kwa ajili ya mke wake. Hapo ndipo tunaambiwa alikuwa mpole kuliko watu wote. Hakujitetea. Miriamu alipopigwa ukoma, Musa alimlilia Mungu amponye.

Aliyeua kwa hasira sasa anamwombea aliyemsengenya! Tabia hubadilika, wapendwa. Lakini hesabu miaka. Kama umeokoka juzi na bado unafoka, usikate tamaa. Na kama umeokoka miaka 20 na bado unafoka, usijifariji.

3. Alivyoteleza

Hesabu 20 inaanza na kifo cha Miriamu. Hapo hapo maji yakakosekana, watu wakaanza kugombana na Musa. Mungu akamwambia auambie mwamba. Yeye akawakaripia watu, akaupiga mwamba mara mbili. Maji yakatoka tele, watu wakanywa. Lakini Musa akaambiwa hatawaingiza watu katika nchi ya ahadi.

Tujifunze mambo mawili. Kwanza, tabia ya zamani hurudi tukiwa tumechoka au tumefiwa. Jua saa zako za hatari. Pili, maji kutoka hakukumaanisha Mungu alipendezwa. Watu wanaweza kuokoka kwa mahubiri yako, kwaya yako ikaimba vizuri, biashara yako ikaenda, na bado Mungu ana neno na wewe kuhusu vile unavyowasemesha watu.

Tufanyeje?

Upole na kiasi ni tunda la Roho, na tunda hukua polepole. Omba, lakini pia uliza. Muulize mtu unayeishi naye: "Ukisikia nimefika, unajisikiaje?" Halafu nyamaza usikilize, usijitetee.

Mimi nilimuuliza mwanangu. Akasema huwa anajua kwa vile ninavyofunga mlango. Siku hizi nikifika getini nasimama kidogo, naomba, ndio naingia. Kuna siku nashindwa. Nikishindwa naomba msamaha, hata kwa mtoto. Juzi alikuja kuniomba pesa ya kitabu, na hakuniuliza kwanza kama nimekasirika. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Kwa ushirika wa nyumbani

1. Ni tabia gani yako umekuwa ukiitetea kwa kusema "ndivyo nilivyo"?
2. Ndani ya tabia hiyo, kuna kitu chema ambacho Mungu anaweza kukifunza na kukitumia?
3. Wiki hii utamuuliza nani, na lini?

Ombi

Baba, unanijua kuliko ninavyojijua. Usiniache nilivyo. Nifundishe kusema na mwamba pale ninapotaka kuupiga. Katika jina la Yesu, Amina.