Macho ya Wavu na Urefu wa Sangara

Kila ofisa uvuvi anapofika mwaloni na rula mkononi, hurudi swali lile lile: "Wavu wangu una macho makubwa, mbona nakatazwa kuukokota?" Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kutaja sheria peke yake. Wavu ukiteketezwa, ni mtaji wa familia unaoteketea. Anayepatwa na hasara hiyo anastahili kuelezwa kinachotokea majini.

Tuanze na kipimo. Jicho la wavu hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo moja hadi fundo linalolikabili, uzi ukiwa umekaza. Hivyo wavu wa inchi 6 una macho ambayo kila ubavu ni inchi 3. Wavu wa kutega, unaoachwa usimame majini usiku kucha, hubaki na macho wazi, na samaki ndiye anayeufuata. Aliye mdogo hupita. Aliye mkubwa mno hugonga pua akarudi. Hunaswa yule ambaye kichwa kimepita na kiwiliwili kikagoma. Ndiyo maana samaki wa wavu mmoja wa kutega hukaribiana kwa urefu, kana kwamba wamechaguliwa kwa mkono.

Wavu wa kukokotwa, uwe kokoro la ufukweni au wavu wa meli, una tabia nyingine. Mabawa yake huwakusanya samaki na kuwaelekeza kwenye mfuko wa nyuma, na mfuko huo ndio unaoamua nani atoke. Macho yake ya kawaida yamekaa mshazari. Wavu ukivutwa mbele huku uzito wa samaki ukiuvuta nyuma, macho hayo hurefuka na kufumba. Chukua kipande cha wavu mkuukuu, shika ncha mbili, vuta: utaona tundu likigeuka ufa. Rula itasema inchi zile zile, ilhali samaki mchanga hana pa kutokea, isipokuwa kwenye safu chache za macho mbele tu ya fungu la samaki. Uzi mnene huzidisha kufumba huko, na mfuko wenye macho mengi mno kwenye mzingo wake vilevile. Hila ya kuvika wavu wa pili juu ya wa kwanza huziba hata kile kilichosalia.

Wavuvi wa Bahari ya Baltiki, huko Ulaya, walikumbana na jambo hili katika kuvua chewa wa kaskazini. Kwenye mfuko wakawekewa dirisha la macho ya mraba, ambayo nyuzi zake hufuata mwelekeo wa mvuto na hivyo hazifumbi. Baadaye ikaruhusiwa pia njia rahisi zaidi: kugeuza wavu ule ule robo mzunguko, mafundo yakayazuia macho kujifunga.

Ziwa Victoria nalo lina historia yake. Katika miaka ya 1970 meli za kukokota zilivua furu katika Ghuba ya Mwanza kwa ajili ya kiwanda cha unga wa samaki, kwa nyavu zenye macho madogo. Furu walianza kupungua pale zilipovua meli hizo, kabla sangara hajaijaza ghuba. Huwa tunamlaumu sangara kwa yote; sehemu ya lawama ni ya mfuko wa wavu.

Leo sangara mwenyewe ndiye aliye hatarini. Sheria inakataza kumvua akiwa chini ya sentimita 50. Lakini wavu haujui sentimita: unapima unene wa mwili, na samaki hutoka pale tu mwili wake unapopenya. Tena jike hukomaa akiwa mrefu kuliko dume, kwa hiyo hata miongoni mwa waliofikisha kipimo wapo majike ambao hawajataga. Jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Aliyekokotwa mchanga hakutaga hata moja.

Anayekusudia kununua nyavu asitegemee maandishi ya kwenye robota. Apime macho 10 yaliyofuatana, yakiwa yamevutwa, kisha agawanye kwa 10. Akiwa na shaka, apeleke kipande kwa ofisa uvuvi wa kata kabla ya kutoa fedha. Nyavu za dagaa zina kipimo chake, nazo zipimwe kwa utaratibu huo huo.