Kuchagua Mwambao wa Kupigia Picha kwa Msafiri wa Peke Yake



Safari nayo ni bidhaa. Tofauti yake na mfuko wa mbolea au simu ya mkononi ni kwamba huwezi kuishika na kuikagua kabla ya kuilipia. Unanunua ahadi, na ahadi hiyo ikivunjika ukiwa mbali na nyumbani, hasara yake huwa kubwa kuliko fedha uliyotoa. Somo hili linamhusu anayetaka kusafiri peke yake kwenda kupiga picha mahali penye maji. Ukilimaliza, uwe na uwezo wa kulinganisha maeneo, kupanga fedha, kukagua ahadi za muuzaji na kulinda usalama wako.

Tutumie mfano wa kubuni. Kijana mmoja wa Mpui hupiga picha za harusi, komunyo ya kwanza na kipaimara. Kwa misimu miwili ya mavuno ameweka akiba ya shilingi 600,000, na ana siku saba za nafasi. Anataka picha za maji, vyombo na wavuvi, azitie kwenye kalenda ya kuuza mwaka unaofuata. Katika simu yake ameona tangazo la safari ya pwani ya Bahari ya Hindi: kila kitu kimelipiwa, bei imepunguzwa, na malipo yote yatumwe leo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Je, alipe?

1. Anza na picha, si na tangazo

Mwulize kwanza mnunuzi aliye ndani yako: unataka picha gani? Jibu la swali hilo huondoa nusu ya maeneo kabla hujatumia shilingi.

Anayekaa Mpui, juu ya uwanda wa Ufipa, ana mwambao wa namna tatu. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, ambalo hufikiwa kwa kupitia Sumbawanga na Matai hadi Kasanga. Upande wa mashariki, chini ya bonde la ufa, liko Ziwa Rukwa. Mbali zaidi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, iko Bahari ya Hindi.

Kasanga iko upande wa mashariki wa ziwa na hutazama magharibi. Kwa hiyo jua huzama juu ya maji, na machweo ndiyo saa yake. Asubuhi safu za milima zilizo nyuma yake huchelewesha mwanga. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha karibu mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani. Hapo Kasanga yapo magofu ya boma la Wajerumani waliopaita Bismarckburg, na si mbali yapo maporomoko ya Kalambo, yenye urefu unaozidi mita 200, mpakani mwa Tanzania na Zambia.

Ziwa Rukwa ni la kina kifupi, na ufuo wake husogea mbali au karibu mwaka hadi mwaka kwa kadiri ya mvua. Picha uliyoiona ya miaka mitano iliyopita huenda haina mahali pake leo. Tena lina mamba na viboko. Anayetembea peke yake ukingoni asiende bila mwenyeji.

Pwani ya Bahari ya Hindi hutazama mashariki, hivyo macheo ndiyo huonekana juu ya maji. Ina jambo ambalo maziwa hayana: maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua tofauti hufikia mita tatu na zaidi, na ufuo wa asubuhi si ufuo wa mchana. Bagamoyo ina magofu ya Kaole na majengo ya zama za misafara. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981.

2. Soma kalenda kabla ya ramani

Mtu wa Ufipa hupata fedha na nafasi baada ya mavuno, yaani kuanzia Juni. Kipindi hicho ni kikavu, barabara hupitika, lakini kina masharti yake.

Katika Ziwa Tanganyika dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa hizo zikitapakaa majini ni picha ambayo wengi huitafuta. Hata hivyo, mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu. Anayezitaka taa achague usiku wa giza. Zaidi ya hayo, mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hilo ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kabla ya kununua tiketi, uliza ofisi ya uvuvi ya wilaya kama agizo la namna hiyo lipo kwa mwaka wako. Asiyeuliza anaweza kufika na kukuta mitumbwi imepandishwa ufukweni.

Pwani ya bahari nayo ina masika yake, Machi hadi Mei. Mwezi Mei 2024 mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na wasafiri wakakwama. Baada ya hapo huvuma kusi, na bahari inaweza kuchafuka. Sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, si maneno ya muuza safari.

3. Hesabu siku, kisha fedha

Kwenda Kilwa kutoka Mpui huhitaji takriban siku mbili, na kurudi siku mbili. Katika siku saba, kijana wetu atabakiwa na siku tatu za kazi. Kwenda Kasanga, akianza alfajiri, siku moja inaweza kutosha. Atabakiwa na siku tano. Hivyo safari ya mbali humnyang'anya siku mbili za kamera hata kabla ya kulinganisha nauli.

Katika fedha, weka kwanza robo kando: shilingi 150,000. Hiyo ni akiba ya kurudi nyumbani ukiugua, ukiibiwa au chombo kikiharibika. Msafiri wa peke yake hana mwenzake wa kumkopa. Shilingi 450,000 zinazobaki zigawe katika mafungu manne: nauli, malazi na chakula, viingilio na vibali, na chombo cha majini pamoja na mwenyeji. Nauli ya kwenda na kurudi ikizidi theluthi ya fedha hiyo, yaani shilingi 150,000, fikiria tena. Usisahau chandarua na dawa. Mwambao una joto na mbu kuliko uwanda wa juu.

4. Kagua ahadi kabla ya kulipa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza matangazo ya kupotosha, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Lakini lalamiko huja baada ya hasara, ukaguzi hutangulia.

(a) Omba namba ya leseni ya wakala wa utalii, kisha ithibitishe kwa mamlaka iliyoitoa.
(b) Taka orodha iliyoandikwa ya vinavyolipiwa. "Kila kitu" si orodha. Je, kiingilio cha magofu kimo? Mashua imo? Ni usiku mangapi?
(c) Unapolipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa la mtu binafsi badala ya kampuni uliyoambiwa, simama hapo.
(d) Lipa malipo ya awali tu, udai risiti, na ujue kwa maandishi utarudishiwa nini safari ikivunjika.
(e) Muuzaji anayekuharakisha anakunyima muda wa kuuliza. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kusubiri.

Kwa basi, dai tiketi yenye jina lako, nauli, tarehe na saa ya kuondoka. Kamera usiiweke kwenye buti, ipakate.

5. Majini na mbele ya lenzi

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara katika Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Kilikuwa kimebeba watu kupita uwezo wake. Usipande chombo kilichojaa, kisicho na jaketi okozi la kukutosha, au kinachoondoka upepo ukiwa mkali. Ukishalipa nauli, bado una haki ya kushuka. Nauli iliyopotea hutafutwa tena.

Meli nazo zithibitishe kabla. MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ni fahari ya Ziwa Tanganyika, lakini imekuwa na vipindi virefu vya matengenezo. Usijenge ratiba juu ya meli ambayo hujaambiwa na ofisi yake kwamba inasafiri.

Ripoti ofisi ya kijiji ufikapo. Usipige picha za bandari, mpaka au eneo la ulinzi bila ruhusa. Ndege isiyo na rubani huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na mvuvi si sehemu ya mandhari: mwamkie, mweleze kwamba picha itauzwa, na umwombe idhini. Akikataa, amekataa. Kila jioni mwarifu ndugu mmoja ulipo na unapokwenda kesho.

6. Turudi kwa kijana wetu

Hakulipa. Alimwomba muuzaji orodha iliyoandikwa na namba ya leseni, hakupata jibu. Alipojiuliza anataka picha gani, jibu likawa taa za wavuvi na machweo. Akachagua Kasanga, akaahirisha safari kutoka Julai hadi mwisho wa Agosti, juma lenye usiku wa giza, baada ya kuuliza ofisi ya uvuvi. Bahari hakuiacha, ameiwekea akiba ya mwaka mwingine, na siku kumi badala ya saba.

Maswali ya kujipima

1. Taja picha tatu unazozitaka. Ni mwambao upi unaozitoa zote?
2. Katika siku zako za safari, ngapi ni za njiani na ngapi ni za kazi?
3. Ukitoa robo ya akiba, je, safari bado inawezekana?
4. Nani atajua ulipo usiku wa kwanza?

Kama swali la nne halina jibu, usinunue tiketi bado.