Profesa Philemon Sarungi na Elimu ya Kuunga Mifupa

Kutoka Soko la Kariakoo hadi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Upanga, ni mwendo mfupi. Mbeba mizigo aliyevunjika mguu sokoni hufikishwa huko akiwa na swali moja: je, ataweza kurudi kazini? Jibu hutegemea fani ambayo Profesa Philemon Sarungi alishiriki kuijenga nchini.

Sarungi alizaliwa mwaka 1936 mkoani Mara. Alisomea udaktari nchini Hungaria, akahitimu mwaka 1966, kisha akabobea katika upasuaji na tiba ya mifupa. Alikwenda pia Shanghai, China, kujifunza kurudishia viungo vilivyokatika. Katika jiji hilo, mwaka 1963, madaktari walifanikiwa kurudishia mkono wa mfanyakazi wa kiwanda. Upasuaji wa namna hiyo huhitaji kushona mishipa midogo ya damu kabla nyama za kiungo hazijafa.

Aliporejea, ujuzi huo aliugawa. Muhimbili alifundisha wanafunzi wa udaktari, akaongoza Idara ya Upasuaji, na baadaye akawa Waziri wa Afya. Anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kisheria mwaka 1996. Umuhimu wa taasisi ya namna hiyo ni dhahiri: mfupa hauungwi na mpasuaji peke yake. Wanahitajika wauguzi, wataalamu wa usingizi, wa mionzi na wa mazoezi ya viungo, wote wakifanya kazi pamoja. Sarungi alifariki dunia jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 88.

Hata hivyo, tiba huanzia pale majeruhi alipoangukia. Mguu uliovunjika usivutwe wala kukandwa; ufungwe kwenye ubao katika hali uliyo nayo. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, lisipakwe majivu wala mafuta. Majeruhi asipewe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji kupasuliwa. Kidole kilichokatika kizungushiwe kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu; kidole chenyewe kisiguse barafu. Kisha safari ya hospitali ianze mara moja, kwani muda uliopotea sokoni hakuna mpasuaji awezaye kuurudisha.