Jino la Mwaka wa Sita

Mtoto apatapo umri wa miaka 6 hivi, huota jino ambalo wazazi wengi hawana habari nalo. Hutokea nyuma ya meno yote ya utotoni, mahali palipokuwa ufizi mtupu, wala hapana jino lo lote ling'okalo ili kulipisha. Kwa hiyo mama hana dalili ya kumwonya. Baada ya mwaka mmoja au miwili aonapo gego hilo lina tundu jeusi, husema, "Ni jino la utotoni tu, litang'oka na jingine litaota." Husema hivyo kwa nia njema, lakini sivyo. Jino hilo ni la ukubwani, nalo likipotea halina badala yake.

Magego haya ni manne, mawili juu na mawili chini, na ndiyo yatafunayo githeri na nyama miaka yote ya maisha. Moja likiondoka, gego la pili, ambalo huja kwenye umri wa miaka 12 hivi, huweza kuinamia pengo, na jino linaloelekeana na pengo hurefuka kwa kukosa la kusagana nalo. Kinywa chote huharibika mpango.

Yafaa kujua jinsi uozo uanzavyo. Vijidudu wakaao juu ya meno hula sukari tulayo sisi, na kutoka humo hufanya uchachu ulao jino. Uchachu huo hudumu kama nusu saa au zaidi, ndipo mate huushinda na kurudishia jino sehemu ya nguvu zake. Basi jambo kubwa si kiasi cha sukari peke yake, bali ni mara ngapi huingia kinywani. Mtoto anywaye kikombe cha chai tamu pamoja na chakula chake, kisha akakaa mpaka chakula kingine kwa maji tu, huyapa mate nafasi ya kufanya kazi. Mwenziwe agawaye kikombe kile kile mafunda kumi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na katikati akamumunya peremende au kutafuna muwa, hayapi mate nafasi hata kidogo. Sukari yaweza kuwa ni ile ile, lakini meno ya huyu wa pili yamo hatarini zaidi.

Usiku ndio wakati wa hatari kuliko wote, kwa maana mtu alalapo mate hupungua sana. Hata hivyo katika nyumba nyingi meno husafishwa asubuhi tu, kabla ya kwenda shule au kazini, kama kwamba husafishwa kwa ajili ya watu watakaoyaona! Kama ni lazima kuchagua, heri kuacha asubuhi kuliko kuacha usiku. Lakini ipasavyo ni mara mbili kila siku, kwa muda wa dakika 2, na dawa ya meno yenye floraidi. Mtoto wa miaka 3 mpaka 6 atosheka na dawa kiasi cha punje ya njegere. Ateme povu, wala asisukutue kwa maji mengi, maana huiondoa dawa kabla haijafanya kazi. Na mpaka afikie miaka 7 au 8 mkono wa mzazi wahitajika, kwa sababu mkono wa mtoto haufiki lilipo gego lile la nyuma.

Mti wa mswaki usidharauliwe. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani liliukubali utumike pale ulipo desturi ya watu. Kosa si la mti. Wengi huusugua mbele tu huku wakitembea njiani, hata meno ya mbele yakameta na magego yakaoza gizani. Ncha itafunwe mpaka iwe laini, ipelekwe nyuma kabisa, ndani na nje, na si vibaya kuitia dawa ya meno.

Kwa wenyeji wa Nakuru, Naivasha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa liko neno la kuongeza. Rangi ya kahawia iliyomo katika meno yao wengi si uchafu. Hutokana na floraidi nyingi mno katika maji ya visima, iliyonywewa wakati meno yalipokuwa yakifanyika bado chini ya ufizi. Kuyasugua kwa mchanga au majivu hakuiondoi, bali humaliza jino. Penye maji ya namna hiyo, watoto wadogo wapewe ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri.

Gego la mwaka wa sita lina mifereji membamba juu yake, na humo ndimo tundu huanzia mara nyingi. Likiwa bado zima, mganga wa meno aweza kuiziba mifereji hiyo kwa dawa igandayo, bila sindano wala kuchimba. Kazi hiyo hufaa zaidi mapema, mara jino litokezapo lote juu ya ufizi. Mzazi asingoje mpaka mtoto alie kwa maumivu.